Kulastara na Samaki wa Matanga

Hadithi inabisha hodi.

Karibu, hadithi.

Ikae wapi?

Ikae masikioni.

Ikija na uwongo wake?

Uje, tutautia chumvi.

Haya, sogeeni. Wewe unayetafuna, tafuna taratibu, usije ukameza na maneno yangu.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wa pwani walikuwa wakizikana kama sisi tunavyozikana, palikuwa na mwamba ukiitwa Mwamba Shungi. Ulikuwa na matumbawe, ulikuwa na majani ya bahari, ulikuwa na samaki. Kila mmoja alikula hapo. Asubuhi walikula, mchana walikula, jioni walikula, kisha wakasema hawajala.

Wakala, wakala, wakala, mpaka samaki wakawa wadogo kama kucha. Ukimpika mmoja, mchuzi unamtafuta na haumwoni.

Ndipo Bi Kasa aliporudi kutoka safari zake. Bi Kasa ni yule kobe wa baharini mwenye gamba pana, na macho yake hutoka machozi kila apandapo nchi kavu, hata akiwa na furaha. Akaita mkutano mchangani, akalia kidogo kama kawaida yake, akasema, "Jamani, nimetembea bahari nyingi. Nimeona miamba iliyofungwa na miamba iliyoachwa. Iliyoachwa imekufa. Tuufunge huu wetu. Samaki wazae, wakue, wanone. Sisi tule huku nje mpaka siku tutakayoufungua wote pamoja."

Wakakubali. Wengine walikubali kwa moyo, wengine kwa aibu ya kutazamwa. Vikawekwa vyelezo vyekundu kuonyesha mpaka, na mwamba ukaitwa hifadhi. Mlangoni, pale mkondo unapopita, akawekwa Mzee Chewa awe mlinzi. Chewa ni samaki mkubwa mwenye mdomo kama mlango wa duka. Akipiga miayo, dagaa huingia wakidhani ni pango. Walimchagua yeye kwa sababu ni mzito, hapendi kutembea, na akishashiba hana tamaa.

Msiniulize mbona samaki analinda samaki. Katika hadithi hii wakubwa husema na wadogo huliwa. Nje ya hadithi pia.

Mkutano ulipotaka kuvunjika, Bi Kasa akanyanyua mkono. "Bado moja," akasema. "Mwenye msiba hawezi kwenda kuvua. Nyumba iliyofiwa haina mtu wa kuwasha jiko. Kwa hiyo nyumba yenye msiba, na hiyo peke yake, itapewa samaki mmoja wa matanga kutoka ndani ya hifadhi. Akifa jamaa wa mbali, samaki wa kadiri. Akifa mwenye nyumba, samaki mkubwa."

Hakuna aliyepinga. Nani atasimama mbele za watu apinge huruma?

Sasa, katika mkutano ule alikuwapo Kulastara. Mnamjua Kulastara: ndege wa miguu mirefu, shingo ndefu, na tumbo lisilolingana na wembamba wake. Aliishi juu ya mkoko na mkewe, Bi Mwanakheri. Hakuwa mwizi, hakuwa mgomvi. Alikuwa na kasoro moja. Maziko ya wenzake hakuyahudhuria. Wakati wa kuchimba alikuwa na mguu unaouma, wakati wa kubeba alikuwa na bawa linalouma, wakati wa kula alikuwa mzima kabisa.

Basi hifadhi ikafungwa. Na kila maji yakipwa, Kulastara alisimama nje ya vyelezo akachungulia ndani. Ndani alimwona pono. Pono wa rangi ya buluu, amelala kivulini usingizi wake ule mnaoujua, na kila siku amenenepa kuliko jana. Kulastara akameza mate. Na kwa shingo ile, mate yana safari.

Akarudi nyumbani. "Mke wangu," akasema, "shangazi amefariki."

"Shangazi yupi?"

"Yule wa kule."

"Kule wapi?"

"Kule kule. Wewe lia."

Mwanakheri akalia kidogo, kwa kuwa mume amesema. Kulastara akaenda mlangoni mwa hifadhi, kichwa chini, mabawa yanaburura.

"Nani kafa?" akauliza Mzee Chewa.

"Shangazi."

"Poleni sana. Jamaa wa mbali, samaki wa kadiri." Mzee Chewa akaingia ndani, akatoka na changu, akamkabidhi kwa heshima. Hakuuliza neno lingine. Mfiwa haulizwi maswali.

Habari ya msiba ikafika mchangani, na jioni hiyo hiyo wakaja watani.

Hapa ni lazima niwaeleze. Kulastara na kaa ni watani tangu mababu. Babu yake kulastara alimmeza babu yake kaa, na babu yake kaa akambana kooni mpaka akatemwa. Wakatazamana, wakaona heri wataniane. Tangu hapo, msiba ukiwa wa kulastara, kaa ndiye anayeiosha maiti, ndiye anayemwiga marehemu mbele za watu, ndiye anayechimba kaburi, na maiti haitoki mpaka yeye ale. Na hakuna kumkasirikia. Ukimkasirikia mtani, watu watakuuliza umelelewa wapi.

Mkubwa wa watani hao aliitwa Kaa Magando. Alikuja na nduguze, wote mkono mmoja mkubwa na mwingine mdogo, wakasimama chini ya mkoko.

"Maiti iko wapi, mtani?" akauliza.

"Amezikwa huko huko."

"Lo. Tumekuja na mikono yetu bure." Wakarudi upandeupande, wamenuna. Juu ya mkoko changu akaliwa mpaka miba.

Siku zikapita. Pono akanenepa. Kulastara akameza mate.

"Mke wangu," akasema, "tumepata msiba tena."

"Nani?"

Kulastara akatazama pembeni. "Mama yako."

Mwanakheri akasimama. "Mama yangu amekufa?"

"Hajafa. Kafa kwa ajili ya samaki tu."

"Mama yangu mzima, hata kikohozi hana, unamzika kwa samaki?"

Tumseme Kulastara, lakini tusimwonee. Jambo moja alilelewa vizuri: alimheshimu mama mkwe wake. Bibi huyo aliishi kisiwani, ng'ambo ya pili, na alikuja mara chache. Lakini akija, Kulastara hakukaa mbele yake, hakula mbele yake, hakuinua macho. Akiisikia tu sauti yake alisimama wima na salamu ikatoka yenyewe. Kwa hiyo hata kumuua kwa maneno kulimuuma. Aliugeukia upande wa kisiwa, akasema polepole, "Mama, nisamehe." Kisha akamwambia mkewe alie.

Mwanakheri akakataa. Kulastara akambembeleza. Mwanakheri akakataa. Kulastara akamkumbusha yule changu, namna mafuta yake yalivyoelea juu ya mchuzi. Mwanakheri naye alikuwa na tumbo. Akalia.

"Nani kafa?" akauliza Mzee Chewa.

"Mkwe."

"Poleni. Mkwe ni mzazi." Mzee Chewa akatoka na changu mwingine, akamkabidhi. "Nyumba yenu mwaka huu imeandamwa."

"Ndiyo hivyo, mzee wangu. Tutafanyaje?"

Watani wakaja. "Huyu yuko wapi?" akauliza Kaa Magando.

"Amezikwa kisiwani."

"Nyie watu wa kwenu mnafia mbali sana," akasema Kaa Magando. Alimtazama Kulastara tumboni, kisha akaondoka bila kusema zaidi.

Siku zikapita. Sasa pono alikuwa amenenepa hata kulala alilala kwa taabu. Kulastara akamtazama mpaka maji yakajaa, kisha akarudi nyumbani.

"Mke wangu, wale changu walikuwa wa kadiri. Yule pono ni samaki mkubwa. Na sheria umeisikia, samaki mkubwa ni wa mwenye nyumba."

Mwanakheri akamtazama. "Nani amebaki kufa?"

"Nimebaki mimi."

Akamweleza mpango. Yeye atalala juu ya jamvi chini ya mkoko. Mwanakheri atalia kuliko siku zote. Mzee Chewa atamtoa pono. Pono atapikwa kwa tui zito. Waliokuja kutoa pole watapewa mchuzi mwepesi, watakwenda zao, naye atazinduka amkute pono chunguni.

"Utazindukaje na umekufa?"

"Watu huzinduka. Utasema ni kudra."

"Na watani?"

"Wale?" Kulastara akacheka. "Wamezoea kurudi bure."

Mnaona? Mwenye kuhudhuria maziko ya wenzake angejua. Kulastara alikuwa hajawahi kukaa msibani tangu mwanzo. Hakujua mtani anafanya nini siku maiti ipo.

Asubuhi, maji yakiwa yamepwa kabisa, Mwanakheri akapiga ukemi. Pwani nzima ikatoka. Nguva akaja akijivuta, pweza wakaja wameshikana mikono mingi, membe wakatua. Bi Kasa akaja analia tayari. Mzee Chewa aliposikia kwamba aliyekufa ni mwenyewe Kulastara, alisikitika kweli. Akamwendea pono usingizini, akamtoa, akamsukuma mpaka maji mafupi. "Mpelekeeni mjane," akasema. "Nyumba ile imekwisha."

Pono akakatwa, akatiwa chunguni, tui likamwagwa, ndimu ikakamuliwa. Harufu ikashuka chini, ikatambaa juu ya jamvi, ikaingia katika pua za marehemu. Marehemu akatulia, lakini tumbo lake likanguruma.

"Nini hiyo?" akauliza Nguva.

"Radi," akasema Mwanakheri.

Ndipo wakaja watani. Safari hii walikuja ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, mchanga ukawa mwekundu kwa magamba yao. Kaa Magando akapiga hodi. "Maiti iko wapi?"

Bi Kasa akanyoosha mkono kwenye jamvi.

Kaa Magando akawageukia nduguze. "Leo ipo," akasema, na nyuso zao zikang'aa. Kwenye msiba mtani ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kufurahi.

Wakaanza na kuosha. Walimmwagia Kulastara maji ya chumvi, baridi. Wakamsugua kwa mchanga. Wakamsugua shingo yote, na shingo ile si kazi ya mtu mmoja. Wakamwinua mabawa, wakamsugua makwapa kwa vidole vyao vidogo, pale hasa penye kutekenya. Kulastara akaubana mdomo. Kicheko kikamjia mpaka kooni, akakirudisha. Kidole kimoja cha mguu kikajikunja.

"Kidole kimejikunja," akasema kaa mmoja.

"Kinyoosheni," akasema Kaa Magando.

Wakakinyoosha kwa gando. Ilisikika sauti ndogo, kama mtu anayemeza jina la mama yake.

"Na hiyo?"

"Upepo unatoka," akasema Kaa Magando. "Wafu hutoka upepo. Sugueni."

Walipomaliza kuosha, wakaanza kuiga. Kaa Magando akasimama katikati, akajirefusha juu ya ncha za miguu, akatembea hatua ndefu kichwa kikitangulia, na watu wote wakamjua marehemu palepale.

"Mimi ni Kulastara," akasema kwa sauti ya puani. "Nimesikia kuna msiba. Kaburi limeshachimbwa? Bado? Basi mguu unaniuma. Maiti imeshabebwa? Bado? Basi bawa linaniuma. Chakula kimeiva? Aa, basi mimi ni jamaa wa karibu sana wa marehemu. Hivi marehemu anaitwa nani?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Pweza walicheka kwa mikono yote. Mwanakheri naye alijifunika uso na mabega yakawa yanatikisika, na si kwa kilio.

Kulastara alikuwa amelala pale anasikia. Baridi aliivumilia, mtekenyo aliuvumilia, lakini hili lilimchoma. Miaka yote alidhani mguu wake unaouma ni siri yake. Kumbe pwani nzima ilijua, na iliendelea kumpakulia chakula. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, na hakuwa na pa kuipeleka kwa sababu alikuwa amekufa.

Kisha ikaja zamu ya chakula. Kaa Magando akapanda juu ya mfuniko wa chungu, akakaa. "Maiti haitoki mpaka mtani ale," akasema.

"Ni haki yako," akasema Bi Kasa. "Unataka nini?"

"Kichwa cha pono ni cha mtani."

"Chukua."

"Na mkia ni wa mtani."

"Chukua."

"Na cha katikati kisibaki peke yake, kitaona upweke."

Chungu kikateremshwa. Wakakiweka wapi? Karibu na sikio la marehemu, kwa sababu watani hula na marehemu wao. Wakala wakisimulia. "Nyama hii inaachia mwiba yenyewe." "Tui limeingia mpaka ndani." "Masikini mtani wetu, angekuwapo angekula." Wakalamba vidole. Wakafuta chungu. Tone moja la mchuzi lilimdondokea Kulastara kwenye mdomo, akashindwa hata kulilamba.

Katika jicho lake lililofumbwa likatoka chozi.

"Maiti inalia," akasema kaa mdogo.

"Hata mimi nalia," akasema Bi Kasa.

Upande wa pili, Nguva alikuwa akimfariji Mwanakheri. "Jikaze, mwanangu. Sasa utakaa eda. Huoni watu, hujipambi, hutoki nje."

"Sitoki hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Eda haikuwamo katika mpango. Mwanakheri akamwangukia marehemu kama anayeaga, akamnong'oneza, "Zinduka."

"Watu bado wapo," akanong'ona Kulastara kwa pembe ya mdomo.

"Pono keshaliwa."

Kulastara hakuzinduka. Angefanya nini? Akiamka sasa, ataamka mbele ya pwani nzima, na pono hayupo. Akasema moyoni, nitalala. Wanizike. Wakishakwenda, nitajichomoa nirudi nyumbani, nitasema nimetokea upande mwingine.

Wakamfunga sanda ya majani ya bahari, wakambeba. Kaa wakatangulia kuchimba. Na hapa Kulastara alisahau jambo ambalo hata vifaranga wanalijua, kwamba hakuna mnyama achimbaye kama kaa. Walichimba shimo la kumeza mguu wake, na shingo yake, na siku zake zote. Walilichimba chini kabisa, karibu na mstari wa maji, kwa sababu hapo mchanga ni laini. Na maji yalikuwa yameanza kujaa.

Wakamsimamisha ndani, maana kwa urefu wake hakulazika. Mchanga ukaja, ukafika magotini. Ukaja, ukafika kifuani. Ukaja, ukafika shingoni, ukaanza kuipanda. Wimbi la kwanza likaja likagusa ukingo wa shimo, likarudi. La pili likaingia ndani kidogo. Kulastara akahisi baridi kwenye vidole, na sasa alijua kwamba huku si kuigiza tena. Akinyamaza, atakufa. Akisema, atakufa kwa aibu. Moyo ukamwambia sema, mdomo ukakataa. Sijapata kuona kiburi cha namna ile, na mimi nimeishi na binadamu.

Mchanga ukafika chini ya kidevu.

Mara ikasikika sauti ya bibi kutoka nyuma ya watu. "Nipisheni. Mkwe wangu yuko wapi? Nipisheni nimwone."

Watu wakageuka. Waliomtambua wakarudi nyuma, mmoja akamkanyaga mwenzake. Alikuwa Mama Mwanakheri, kutoka kisiwani. Habari za msiba wa mkwe wake zilivuka maji zikamfikia, naye amekuja kuzika, kama inavyompasa mtu.

"Mwanangu," akaita kwa uchungu, "umeniacha?"

Ndani ya shimo, miguu ya Kulastara ilisikia kabla ya kichwa chake. Mchanga ukaruka. Sanda ikachanika. Marehemu akachomoka mpaka juu, akasimama wima, mabawa yamebanwa ubavuni, macho chini, kichwa kimeinama, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Habari za safari?"

"Nzuri, mwanangu."

Halafu salamu zikaisha.

Nguva alikuwa ameziba macho. Mzee Chewa, aliyekuwa amejisogeza kwenye maji mafupi ili aage, akatoa kichwa. "Ngojeni," akasema. "Huyu si marehemu?"

"Yupi?" akauliza Bi Kasa.

"Wote wawili."

Mama Mwanakheri akamtazama binti yake. "Mimi nilikufa lini?"

Mwanakheri akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Si zamani sana, mama."

"Nilikufa kwa nini?"

"Kwa samaki, mama."

"Mkubwa?"

"Wa kadiri."

Bibi akavuta pumzi. "Hata mkubwa hakuwa," akasema, na alipomgeukia mkwe wake, Kulastara alitamani arudi shimoni.

"Sisi tulijua tangu kuosha," akasema Kaa Magando, akiwa anachokonoa miba ya pono. "Maiti haimezi mate. Tukasema mtani akitaka kufa, tumsaidie."

Vicheko vikapanda. Wengine wakasema anyonyolewe. Wengine wakasema afukuzwe pwani, akaishi bara na kuku. Bi Kasa akaja mbele polepole, machozi yanamtoka. Safari hii hakuna aliyesema ni kawaida yake.

"Tulipoufunga mwamba," akasema, "tuliacha mlango mmoja wazi, wa mwenye kilio. Hatukumweka mtu wa kukagua machozi. Nani atamwambia mfiwa alete ushahidi? Tuliaminiana. Sasa kesho nikifiwa mimi, Mzee Chewa ataniuliza maiti iko wapi."

"Nitauliza," akasema Mzee Chewa. Alisema kwa huzuni.

Hapo vicheko vikaisha.

"Bi Kasa, nipigeni," akasema Kulastara.

"Maiti haipigwi."

"Basi nifukuzeni."

"Hatukufukuzi. Baki, Kulastara, uishi na sisi. Lakini umeshaoshwa. Umeshaliliwa. Mtani ameshakula, kaburi limeshachimbwa. Haki ya maziko ambayo kila mmoja wetu anamdai mwenzake, wewe tumekupa yote leo. Siku utakayokufa kweli, sisi tulishakuja."

Kulastara akamtazama Mzee Chewa. Mzee Chewa akazama. Akawatazama pweza, wakakunja mikono. Akamtazama mtani wake wa tangu mababu. "Hata wewe hutakuja?"

"Nitakuja nifanye nini, mtani?" akasema Kaa Magando. "Mimi nimeshashiba."

Watu wakatawanyika. Mwanakheri akamshika mama yake mkono, wakapanda mkokoni bila kumngoja. Maji yakajaa, yakalifukia lile shimo, na Kulastara akabaki amesimama kando yake peke yake.

Baada ya siku hizo alikufa kamba mmoja, mdogo, mzee, asiye na watoto. Waliokwenda kumzika walikuwa wachache. Walipofika walimkuta Kulastara. Alikuwa amewahi kuliko wote. Mguu haukumuuma, bawa halikumuuma. Alichota maji, alisimama nyuma, aliinamisha shingo, na chakula kilipoletwa hakula. Hakuna aliyemsemesha. Msiba uliofuata akaja tena. Na uliofuata akaja tena.

Mwamba Shungi ulinona, ukafunguliwa siku yake, wakala wote wakashiba, wakaufunga tena. Ila jambo moja halikurudi kama zamani. Mfiwa akienda mlangoni kuomba samaki wa matanga, Mzee Chewa humwuliza maiti iko wapi. Na kila anayeulizwa hivyo, na machozi yake usoni, hugeuka akamtazama Kulastara.

Ndiyo maana hata leo mkienda pwani maji yakiwa yamepwa, mtamwona amesimama peke yake kwenye maji mafupi, shingo imeinama, hatikisiki, hasemi na mtu. Watoto husema anavua. Havui huyo. Amesimama mazikoni, anahudhuria, huenda siku moja watu wakasahau. Kama watamzika au hawatamzika, mimi sijui. Bado hajafa.

Funzo lake ni hili, nalo mlichukue mwende nalo. Kitu kikifungwa kwa faida ya wote, na ikaachwa nafasi ndogo kwa ajili ya mwenye dhiki, usijifanye mwenye dhiki ili upite. Hutakula samaki tu, utakula na imani ya watu. Na samaki huzaa tena.

Hadithi imepwa hapa. Mwenye ndoo aokote chake, asiye na ndoo akalale.